Kumshirikisha mtazamaji katika dansi ya papo kwa papo: njia nne, na ipi inakufaa

Kikundi cha dansi ya kisasa kinachobuni mchezo palepale mbele ya watu kinaposema "watazamaji watashiriki", kinaweza kuwa kinazungumzia mambo manne yasiyofanana hata kidogo. Mtazamaji anaweza kubaki kitini na kuuelekeza mchezo kwa neno. Anaweza kualikwa jukwaani, yeye na wenzake wachache. Anaweza kuingia chumbani na mchezaji mmoja, wawe wawili tu. Au viti vinaondolewa kabisa na kila aliyeingia anacheza. Kila njia ina mahitaji yake ya nafasi, muda na ustadi, na njia iliyosisimua ukumbi mmoja inaweza kuwaaibisha watu kwenye mwingine.

Wengi huanza kwa kujiuliza kama watazamaji wao ni wachangamfu au wagumu. Swali hilo halikufikishi mbali, maana watu walioingia wamenuna huweza kuchangamka ndani ya dakika kumi, na kinyume chake. Yapo maswali mawili yanayoamua. Una dakika ngapi za kumwandaa mgeni kabla hajafanya lolote mbele ya macho ya watu? Na akitaka kuacha katikati, atatokea wapi? Kama swali la pili halina jibu kwenye ukumbi wako, njia hiyo iache.

| | Neno kutoka kitini | Mwaliko jukwaani | Mmoja kwa mmoja | Sakafu ya wote |
|---|---|---|---|---|
| Watazamaji | 15 hadi 80 | 40 na kuendelea | 1 kila zamu | 12 hadi 40 |
| Wachezaji | 3 hadi 6 | 1 kwa kila mgeni | 4 hadi 6 | 1 kwa wageni 4 au 5 |
| Kumwandaa mgeni | dakika 3 | sekunde chache | dakika 5 | dakika 15 hadi 20 |
| Muda wa kushiriki | dakika 35 hadi 50 | dakika 4 hadi 8 | dakika 6 hadi 10 | dakika 45 hadi 70 |
| Kinachoharibika kwanza | mtu mmoja anatawala | mgeni anaganda | mipaka ya mwili | makundi ya marafiki |

Namba hizi ni za kupangia kazi, si sheria. Mstari wa kuutazama kwa makini ni ule wa kumwandaa mgeni. Mwaliko jukwaani ndio unaotoa maandalizi machache kuliko yote, na ndio vikundi vichanga hukimbilia kwanza.

Neno kutoka kitini

Wachezaji wako sakafuni, watazamaji wamekaa, na ipo orodha fupi ya maneno ambayo yeyote aliyekaa anaruhusiwa kuyasema kwa sauti. Mbinu ya kauli za namna hii inafahamika zaidi kupitia Lisa Nelson wa Marekani na kazi zake ziitwazo Tuning Scores, ambamo wachezaji wenyewe, wakiwa ndani ya mchezo au pembeni, hutoa kauli za kuanza, kusimamisha, kurudia, kurudisha nyuma, kubadilisha mtu na kumaliza. Kuwakabidhi watazamaji kauli hizo ni hatua ndogo, lakini inabadilisha kila kitu, kwa kuwa anayeamuru sasa hajui mwili wa mchezaji umebeba nini kwa wakati ule.

Weka maneno matano hadi saba, yaandikwe kwa herufi kubwa ukutani ambako kila mtu anayaona. Seti inayofanya kazi vizuri ni hii: anza, tulia, endelea, rudia, kinyume, badilishana, mwisho. Usifungue mlango kwa neno lolote lile. Ukiruhusu, ndani ya dakika tatu utasikia "ruka kama chura", watu watacheka, wa pili atatafuta la kuchekesha zaidi, na kuanzia hapo unaendesha vichekesho, si dansi.

Kila neno linahitaji makubaliano ya ndani ambayo mtazamaji haelezwi. "Tulia" maana yake mwendo unasimama lakini misuli haizimwi. Na mchezaji aliyenaswa kwenye mguu mmoja ana ruhusa ya kuushusha ule mwingine polepole mpaka asimame salama. Bila ruhusa hiyo, atatokea mtu atakayegundua kuwa anaweza kumtesa mchezaji kwa kungoja wakati mbaya, naye hatakosa. "Rudia" huleta mabishano ya kimyakimya: tunarudia kipi? Jibu jepesi ni kwamba kila mmoja anarudia kile alichokianza yeye mwenyewe mara ya mwisho. "Kinyume" ni kuipita njia ileile kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Mwili hukumbuka kwa uaminifu sekunde kama kumi hivi. Zaidi ya hapo mchezaji anabuni mambo mapya huku akijifanya anakumbuka, na jicho la mtazamaji hulitambua hilo haraka. Basi akifika mwisho wa kumbukumbu, atulie.

Kauli mbili zikigongana, inafuatwa ile iliyosikika mwisho. Kati ya kauli na kauli zipite angalau pumzi tatu, la sivyo wachezaji wanakuwa wanajibu tu, hakuna anayecheza.

Tatizo la kwanza utakalokutana nalo ni ukimya. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Baadhi ya vikundi hupandikiza mtu wao miongoni mwa watazamaji ili afungue njia; tunashauri msifanye hivyo, kwa sababu sauti ya mtu aliyezoea jukwaa inajulikana, na walioitambua wanajiona wamefanyiwa mchezo. Dawa ni kuanza na wachezaji wakiwa wamesimama kimya, na kueleza waziwazi kuwa hakuna kitakachotokea mpaka mmoja aseme "anza". Sasa ukimya ni sehemu ya mchezo, na haumtishi mtu. Kwa kawaida hauzidi dakika moja na nusu.

Tatizo la pili ni msemaji mmoja mwenye sauti nene aliyekalia usukani. Peleka njuga au kengele ndogo ikipita safu kwa safu. Aliyeishika ndiye mwenye neno, asiyetaka anaipitisha kwa jirani. Ukiwa na zaidi ya watu 80 hata njuga haisaidii, maana zamu inachukua muda mrefu mno kufika nyuma, na sauti za nyuma hazifiki mbele bila kipaza sauti. Kipaza sauti nacho kinaua haraka ya kauli: mtu anakishika, anakigonga kuona kama kinafanya kazi, na lile alilotaka kulisimamisha limeshapita.

Wapo wanaotumia karatasi badala ya sauti: kila anayeingia anaandika kitenzi kimoja, kinatiwa kikapuni, wachezaji wanachomoa. Ni rahisi kuandaa na hakuna anayeona haya. Lakini aliyeandika "yeyuka" saa moja kabla hana uhusiano wowote na mwili unaoyeyuka mbele yake. Anapotamka neno na papo hapo watu watano wanageuka, ndipo anapoelewa kuwa ameushika mchezo. Kama lengo lako ni ushiriki, karatasi ni dhaifu. Kama unahitaji tu malighafi ya kuanzia, zinatosha.

Uzuri wa njia hii ni kwamba hakuna mwili wa mgeni unaohatarishwa, na mtu wa kiti cha magurudumu, mwenye mtoto mapajani au aliyevaa viatu vya kisigino kirefu anashiriki sawa na wengine. Kutoka ni rahisi mno: unanyamaza tu. Upungufu wake ni kwamba mtazamaji anashiriki kwa kichwa. Mwili wake haujui chochote kipya anapoondoka.

Mwaliko jukwaani

Mfano unaojulikana sana ni Minus 16, dansi ya mtunzi Ohad Naharin wa Israeli, ya mwaka 1999: wachezaji wenye suti nyeusi na kofia wanashuka ukumbini, kila mmoja anarudi jukwaani na mtazamaji, na wanacheza pamoja. Anayeitazama hudhani yote yanazuka palepale. Kwa kweli wachezaji wana muundo wanaoufahamu vizuri, na kinachobuniwa papo hapo ni namna ya kumpokea huyu mgeni ambaye hawajawahi kumwona. Hilo ndilo la kuiga: muundo uwe mgumu, mgeni awe huru. Kikundi kinachowaleta wageni jukwaani ndani ya mchezo ambao nao hauna muundo kinawaacha watu wasiojua la kufanya mikononi mwa watu ambao nao wanatafuta la kufanya.

Uchaguzi wa mgeni huanza mlangoni. Wape watu stika ndogo ya rangi, yenye maana ya "naweza kualikwa", na anayetaka aibandike kifuani. Usigeuze utaratibu huu kwa kuwapa alama wasiotaka. Mtu anayelazimika kuvaa tangazo la "msiniguse" anakaa usiku mzima akiwa amejitenga, na wengi hawataichukua hata kama wanaihitaji. Stika za kukubali zikiwa chache kuliko wachezaji, punguzeni idadi ya wageni, msikope kutoka kwa wasio na stika.

Sasa tendo lenyewe la kualika, ambalo lisipofanyiwa mazoezi ndilo linaloharibu. Mchezaji asimame mbele kidogo na upande mmoja wa mtu, si uso kwa uso, umbali wa mkono mmoja na nusu. Magoti yalegee ili macho yawe karibu na kimo cha aliyekaa. Mkono utolewe kiganja kikiwa juu, chini ya usawa wa bega, na ukae hapo pumzi tatu bila kusogea. Mgeni akiunyanyua mkono wake, mchezaji haukamati. Anauacha utue juu ya wake. Akitazama chini, akicheka huku anamshika jirani yake, akiuvuta mkoba mapajani, jibu ni hapana. Hapo ule mkono ulionyooshwa usirudishwe kama wa mtu aliyekataliwa. Uendelee na safari yake: uzunguke, upande juu, ugeuze mwili mzima na kumpeleka mchezaji kwa mwingine. Mtu wa tatu anayeangalia asijue kuwa kulikuwa na swali na likajibiwa hapana.

Njia kati ya viti iwe na upana wa kupitisha watu wawili wakiwa bega kwa bega, na ngazi za jukwaa ziwe na mwanga wake wenyewe. Mgeni anatoka gizani kuingia kwenye taa kali. Kwa sekunde kadhaa haoni kingo za jukwaa. Mchezaji ndiye macho yake, kwa hiyo atembee upande wa ukingo.

Mgeni huwa wa aina tatu. Wa kwanza anaganda. Msimvute wala kumpigia makofi ya kumtia moyo, maana makofi yanamwambia kuwa wote wameona. Mchezaji agande naye, kisha alete mwendo mdogo unaopatikana kwa yeyote, kama kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu. Wa pili anafuata vizuri, naye hahitaji maelezo. Wa tatu ameisubiri siku hii maisha yake yote: anazunguka, anavua shati, anawapungia marafiki zake. Kosa ni kushindana naye. Wachezaji wawili wamwige kwa usahihi, kila anachofanya, na kwa kawaida baada ya mizunguko miwili anachoka au anaanza kuwatazama wao. Aliyelewa asipandishwe kabisa. Wa mlangoni awe ameshamjua na kuwapa wachezaji ishara.

Na msimnyanyue mgeni. Hata kama ni mwepesi, hata kama mchezaji ana miaka 20 ya kazi. Mtu asiyezoea kubebwa hukaza mgongo, hushikilia pumzi na kukimbilia shingo ya anayembeba. Kitovu cha uzito kinahama ghafla kwenda juu na mbele, na wote wawili wanaanguka upande ambao hakuna aliyeutarajia.

Kurudi kitini ndiko kunakosahaulika. Vikundi vingi hufanya kazi nzuri ya kumleta mtu kisha vinamwachia ashuke peke yake muziki ukiwa umekwisha na taa zimezimwa. Arudishwe kwa njia ileile aliyojia, na mchezaji yuleyule, mpaka akae. Ukiwa huwezi kuwapatia wachezaji wako sekunde 40 za kufanya hivyo ndani ya muziki, kata sehemu nyingine ya mchezo.

Mmoja kwa mmoja

Hapa mtazamaji anaingia mahali pamoja na mchezaji mmoja, na kinachotokea hakionekani na wengine. Mwaka 1995 Felix Ruckert, wa Ujerumani, alitengeneza Hautnah kwa msingi huo, na tangu hapo matamasha mengi ya dansi yamekuwa na kazi za aina hii.

Hesabu yake ni ya kukatisha tamaa, kwa hiyo ifanye mapema. Kukutana kwa dakika 8 kunahitaji dakika 4 za kupumzika na kusafisha chumba, jumla 12. Wachezaji 5 wanahudumia watu 25 kwa saa, na baada ya saa moja wanahitaji mapumziko ya nusu saa, kwa sababu uangalifu huisha kabla ya misuli. Jioni ya saa mbili na nusu inapokea watu 50 hivi. Kama mapato ya tiketi ndiyo yanayolipa ukumbi, njia hii haitakulipia.

Inachokupa hakipatikani kwenye njia nyingine yoyote: mwendo wa mtazamaji, hata ukiwa mdogo kama kugeuza kichwa, unapokelewa na kujibiwa na mtu mzima aliyeacha mengine yote. Ndiyo maana dakika 5 za maandalizi kabla ya mlango si za kupunguzwa. Mtu asiyecheza, aliye nje ya chumba, ndiye anayezungumza na mgeni. Anamuuliza kama anakubali kuguswa mikono na mgongo, au asiguswe kabisa. Anamwonyesha ishara ya kusimamisha, nayo iwe ya mwili na ya mdomo: kiganja kifuani, au neno "basi". Anamwambia mlango haufungwi kwa ufunguo na anaweza kutoka bila kueleza. Kisha anapitisha jibu la kuguswa kwa mchezaji, kwa mfano kwa utepe wa rangi anaomfunga mgeni mkononi.

Ishara hiyo ni ya pande zote mbili. Mchezaji naye anamaliza mkutano pale mgeni anapovuka mpaka, bila kusubiri dakika zitimie, na mtu wa nje anaingia akisikia kugongwa mara mbili ukutani. Kikundi kisichoweza kumlipa au kumpata mtu wa kukaa nje ya kila chumba kisifanye njia hii. Wapo watakaolia pia. Uso wa mtu unaokutazama kwa dakika nane bila maneno huweza kulegeza mambo. Mchezaji si mshauri nasaha. Anapunguza mwendo, anakaa, anabaki, na muda ukiisha mgeni anapewa mahali pa kukaa nje na maji ya kunywa, asisukumwe moja kwa moja barabarani.

Sakafu ya wote

Viti hakuna. Kila anayeingia ameambiwa tangu kwenye tangazo kuwa atasogea, na hilo peke yake linapunguza nusu ya matatizo. Mtunzi wa dansi Anna Halprin wa Marekani alifanya kazi kwa miongo mingi huko California akitumia miongozo mifupi ambayo mtu asiye mchezaji anaweza kuitekeleza. Mtunzi wa dansi William Forsythe, pamoja na wenzake Dana Caspersen na Joel Ryan, walikwenda mbali zaidi mwaka 1997 kwa White Bouncy Castle: kasri kubwa jeupe lililojazwa hewa, ambamo sakafu yenyewe inamfanya kila anayeingia arukeruke, bila maelekezo. Fikra hiyo inasaidia hata kama huna kasri: mazingira yakimsogeza mtu, hana haja ya kujiuliza acheze nini. Kamba zilizoning'inizwa kila mita moja na nusu zinafanya kazi hiyo kwa gharama ndogo.

Pima sakafu kabla ya kuuza nafasi. Kila mtu anayesogea kwa uhuru anahitaji mita 4 za mraba. Sakafu ya mita 9 kwa 9 ina mita 81 za mraba, basi watu 20, wachezaji wakiwamo. Ukijaza 40, mchezo wote utakuwa wa kukwepana. Ongeza ukanda wa mita moja na nusu kuzunguka kingo, uliowekewa utepe wa gundi, kwa ajili ya wanaotaka kupumzika au kutazama. Ukanda huo ndio mlango wa kutokea. Asiyejua kuwa yuko huru kusimama pale ataondoka kabisa. Mguuni iwe pekupeku au kiatu chenye soli bapa. Soksi zipigwe marufuku: kwenye sakafu laini zinateleza, na mgeni huligundua hilo anapogeuka kwa kasi. Pete, saa, vitambulisho vya shingoni na simu za mifukoni vikusanywe kwenye visanduku vyenye namba.

Kanuni ziingie moja baada ya nyingine. Dakika tano za kutembea tu, kila mtu akitafuta nafasi tupu na kuijaza. Dakika tano za kusimama na kuanza tena pamoja bila kiongozi, zoezi linalofundisha masikio ya mwili kuliko maelezo yoyote. Kisha kanuni ya tatu, kwa mfano kumfuata mtu mmoja kwa siri ukiwa mbali naye. Kanuni zaidi ya tatu kwa jioni moja watu wanazisahau.

Wachezaji wamo ndani kama chachu kwenye unga: hawaonekani, ila wasipokuwapo hakuna kinachoumuka. Kwa dakika kumi za mwanzo wafanye mambo madogo tu. Mgeni huiga anachokiona, na mchezaji akionyesha kubingirika kwa bega sakafuni, wageni watatu watajaribu na mmoja ataumia shingo. Hapa pia ndipo unapoona kwa nini kanuni rahisi si lazima iwe salama. Huddle, kazi ya mtunzi wa dansi Simone Forti ya 1961, ina maelekezo ya sentensi mbili tatu: watu wachache wanashikamana wakiwa wameinama, mmoja anajitoa, anapanda juu ya wenzake na kurudi upande wa pili. Sentensi ni nyepesi, lakini migongo inayopandwa inatakiwa kujua inachofanya.

Kinachoharibika kwanza ni marafiki kujikusanya. Kanuni ya kutembea inawatawanya. Wakirudiana, wachezaji wapite katikati yao. Cha pili ni mteremko wa nguvu, ambao huja karibu na dakika ya 25, wengi wakiwa wameshalala chini. Usiukimbize kwa muziki wa kasi. Muziki wenye mdundo wa moja kwa moja unawarudisha watu kwenye dansi wanazozijua na ubunifu unaishia hapo. Punguza taa, waache walale dakika mbili, kisha wachezaji wasimame wote kwa mkupuo. Cha tatu ni mwisho usiojulikana. Kubalianeni na fundi taa: taa zishuke kwa sekunde 30, na ukimya ufuate.

Kugusana ni uamuzi wa peke yake

Wengi huchanganya sakafu ya wote na kontakti impruvizesheni, ile iliyoanzishwa na mchezaji dansi Steve Paxton mwaka 1972 nchini Marekani, ambamo watu wawili husogea wakiwa wamegusana na kupeana uzito. Ni mbinu inayohitaji mafunzo ya kuanguka na kupokea. Kwa wageni weka ngazi tatu na uchague moja kabla ya siku yenyewe: bila kugusana, kugusana bila uzito, kugusana kwa uzito. Neno kutoka kitini halihitaji chochote. Mwaliko jukwaani unatosheka na ngazi ya pili. Ngazi ya tatu ni ya sakafu ya wote pekee, na ni baada ya nusu saa ya mafundisho: kiganja kwa kiganja, kisha mkono kwa mkono kati ya kiwiko na kifundo, kisha bega, mwisho mgongo kwa mgongo mkiwa mmesimama miguu ikiwa imepanuka kuliko nyonga. Uzito hautolewi kwenye shingo, kiwiko wala goti la mtu.

Maelekezo yenyewe yasitaje viungo ambavyo si kila mtu anavyo au anavyoweza kuvitumia. "Simameni wote" inamtoa mtu nje kabla hujaanza. "Anza na sehemu yoyote inayotaka kusogea" inawaingiza wote. Mchezaji dansi Alito Alessi wa Marekani amejenga mbinu nzima ya DanceAbility, ya watu wenye ulemavu na wasio nao kucheza pamoja, tangu 1987, juu ya wazo la kuanza na kile ambacho kila aliyemo chumbani anaweza kukifanya.

Ukiwa na hiki, chagua kile

Ukumbi wenye viti vya kudumu na jukwaa la juu: neno kutoka kitini, hata kama umeota mwaliko. Ukitaka mwaliko, uwe na wachezaji waliofanya kazi pamoja kwa muda mrefu na dakika zisizozidi 8. Kikundi kichanga cha watu watatu au wanne kisijaribu kitu kingine kabla ya neno kutoka kitini. Ndipo wachezaji wanapojifunza kusikia chumba bila kumhatarisha mtu. Vyumba vidogo vingi, fedha ambayo haitegemei tiketi na watu wa kukaa milangoni: mmoja kwa mmoja. Sakafu tupu, saa mbili na watu waliokuja wakijua: sakafu ya wote, na hiyo ndiyo tunayoipa alama za juu kwa anayetaka mwili wa mtazamaji uondoke na kitu.

Njia yoyote utakayochukua, ifanyieni mazoezi mara mbili au tatu mbele ya watu 8 hadi 12 wasiocheza dansi na wasiowajua. Marafiki wa kikundi hawafai, kwa sababu wanakubali kila mwaliko.

Mkitaka kuchanganya mbili kwa jioni moja, mchanganyiko unaokwenda vizuri ni neno kutoka kitini kwa dakika 30, halafu sakafu ya wote. Katikati wekeni dakika 10 za kuvua viatu, kukabidhi simu na kuondoa viti, na mlango wa nje uachwe wazi muda wote huo ili anayetaka kuishia hapo aende zake bila kumpita mtu wa kumwuliza. Mpangilio wa kinyume haufai: waliokwisha kusogea kwa saa nzima ukiwarudisha vitini wakatoe kauli, watakaa wakizungumza wao kwa wao.